Watu wakiongezeka, maji yanaishia wapi? Hesabu ya Dar na Pwani ambayo huwa tunaipiga nusu

Kila kiangazi kikikaza Dar, mjadala unakuwa ule ule. Bomba linakohoa upepo, madumu ya njano yanapanga foleni, boza linapanda bei, halafu watu wanagawana kambi mbili mtandaoni. Kambi moja inasema jiji limejaa mno, watu warudi kwao mikoani. Kambi ya pili inasema watu siyo tatizo, tatizo ni mamlaka ya maji, mbona juzi tu tuliambiwa mtambo umepanuliwa na mabilioni yameshatumika? Kila kambi ina kaukweli kake, ila hesabu yenyewe hakuna anayeifikisha mwisho. Tuipige hapa, taratibu, tuanze na vyepesi.

Kuna vitu vitatu ambavyo kwenye taarifa za habari vinachanganywa sana. Uzalishaji ni maji yanayotoka mtamboni yakiwa yameshasafishwa. Matumizi ni yale yaliyopita kwenye mita au kwenye ndoo ya mtu. Mahitaji ni maji ambayo watu, viwanda, hospitali, shule na mahoteli wangetumia kama bomba lingekuwa linatoa saa 24 na presha ya kutosha. Hiki cha mwisho hakionekani kwa macho na ndicho kinachotupiga chenga. Mama anayenunua madumu sita kwa siku hatumii sita kwa sababu ndo hitaji la familia yake, anatumia sita kwa sababu ndo hela iliyopo, kwa hiyo siku bomba likifika uani kwake matumizi yanaruka palepale, na wala hajazaa mtoto mwingine. Mahitaji yalikuwepo siku zote, yalikuwa yamejificha tu kwenye umaskini wa huduma. Ndiyo maana mtambo mpya ukizinduliwa unaweza kuonekana kama haukusaidia kitu: unazima kiu ya waliokuwa wananunua dumu kabla haujafika kwa wanaolalamikia mgao.

Haya, vipimo. Yuniti moja kwenye bili ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mitambo inasemwa kwa mamilioni ya lita kwa siku. Dar inategemea zaidi Mto Ruvu, na mto huu unaanzia huko milima ya Uluguru, Morogoro. Kuna mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, ulioanza mwaka 1959, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, wa mwaka 1976, halafu kuna mtambo mdogo wa Mtoni unaochota Mto Kizinga. Kwa miaka mingi uwezo wa mitambo hii ulikuwa lita milioni 82 kwa Ruvu Juu, 180 kwa Ruvu Chini na 9 kwa Mtoni, jumla kama milioni 270 kwa siku.

Sasa chukua hiyo 270 uigawe kwa watu. Sensa ya 1988 ilikuta Dar ina watu milioni 1.36, kwa hiyo kila mtu angepata lita 198 kwa siku, hapo hata ukiosha gari huna wasiwasi. Sensa ya 2002 ikakuta watu karibu milioni 2.5, ikawa lita 108 kila mmoja. Sensa ya 2012 ikakuta watu 4,364,541 na lita zikabaki 62. Mitambo ni ile ile, mto ni ule ule, hakuna aliyeiba kitu kwenye hesabu hii, ni kigawanyo tu kimekua. Na hizo 62 ni za kwenye karatasi, kabla maji hayajavuja njiani, hiyo nitakuja nayo chini.

Halafu upanuzi ukafanyika kweli, hilo tusilikatae. Ruvu Chini ikapandishwa hadi lita milioni 270, Ruvu Juu hadi 196. Ukijumlisha na Mtoni unapata kama 475. Gawa kwa watu 5,383,728 wa sensa ya 2022, unapata lita 88 kwa kichwa. Yaani baada ya kazi yote ile ya mabomba mapya na mikopo, mgao wa mtu mmoja umepanda kutoka 62 hadi 88 na bado haujafika pale ulipokuwa 2002. Ukiielewa aya hii peke yake utakuwa umewazidi nusu ya wanaobishana.

Ila hata hiyo 88 ni ya uongo kidogo, maana maji hayo hayanywewi na Dar peke yake. Hapa ndo kuna jambo ambalo mi naona linarukwa sana. Watu wanasema Dar inafurika. Angalia sensa: kati ya 2012 na 2022 Dar iliongezeka watu kama milioni moja na elfu 19, kasi ya takriban asilimia 2.1 kwa mwaka, wakati Tanzania nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Dar ilikua polepole kuliko nchi! Sasa tazama jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, miaka kumi baadaye 2,024,947. Ni ongezeko la watu zaidi ya laki tisa, karibu sawa na lile la Dar, kwenye mkoa uliokuwa na robo tu ya watu wa Dar. Kasi yake inakaribia asilimia 6.3 kwa mwaka.

Hawa ni akina nani? Wengi ni hawa hawa watu wa Dar, ila wamechoka kupanga Sinza na Tabata, wakanunua kiwanja Kibaha, Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, wakajenga, asubuhi wanapanda gari kuja kazini mjini na jioni wanarudi. Wengine wamefuata viwanda vilivyomwagwa Kibaha, Mkuranga na Chalinze, na kiwanda nacho ni mnywaji mkubwa wa maji. Mpaka wa mkoa uko kwenye ramani, bomba haliujui. DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya Dar, inahudumia Dar na pia miji hiyo ya Pwani, na maji yenyewe ni yale yale ya Ruvu. Kwa hiyo mtu akikuambia "idadi ya watu wa Dar imeongezeka kwa asilimia kadhaa, mbona maji hayatoshi", mwambie hajahesabu nyumba zilizoota pembeni ya bomba kabla halijafika Dar.

Na bomba linapita wapi? La Ruvu Juu linatoka Mlandizi, linapita Kibaha, Kibamba, Mbezi, hadi kwenye matenki ya Kimara. La Ruvu Chini linatoka upande wa Bagamoyo, linashuka na Bunju na Tegeta hadi matenki ya Chuo Kikuu. Zamani sehemu kubwa ya njia hizo ilikuwa mapori na mashamba ya korosho, maji yanapita moja kwa moja kuja mjini. Leo kote ni nyumba. Ni kama daladala inayojaa kwenye kituo cha kwanza: dereva ni yule yule, gari ni lile lile na linapita kwa ratiba, ila wewe wa kituo cha nane unaliona likipita tu na konda ananing'inia mlangoni. Wa mwisho kwenye bomba ndo anaumia kwanza, na wa mwisho siyo lazima awe wa mbali, anaweza kuwa wa mlimani, kwa sababu presha ikishuka maji hayapandi. Ndiyo maana mitaa miwili ya kata moja inakuwa na maisha tofauti kabisa, huku bondeni wanamwagilia maua na juu kwenye kilima wana wiki nzima hawajaona tone, na wote wawili wanaandika mtandaoni wakiitana waongo.

Tuongeze ugumu kidogo. Tukisema watu wa Dar wameongezeka asilimia 23 kati ya 2012 na 2022, wengi tunadhani mahitaji nayo yameongezeka asilimia 23. Hapana. Mahitaji ni idadi ya watu mara lita za kila mtu, na vyote viwili vinapanda kwa pamoja. Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha chini cha vijijini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Hizo 25 zinakaribiana na maisha ya kuteka kioskini, dumu moja na kidogo kwa mtu. Mtu mwenye bomba ndani hakai hapo. Choo cha kuflash peke yake kinameza lita 6 hadi 9 kila unapobonyeza, sasa familia ya watu wanne wakienda mara tano kila mmoja, kwa lita 8 tu, hiyo ni lita 160 zimeishia chooni, na hujaoga, hujapika, hujafua.

Chukua mtaa wa kufikirika wenye watu 1,000, wote wanateka kioskini kwa lita 25. Mtaa unahitaji lita 25,000 kwa siku. Miaka kumi baadaye watu wamefika 1,230 na nusu yao wameunganishiwa bomba, wanatumia tuseme lita 80. Hao 615 wa bomba wanataka lita 49,200, na 615 wa kioski wanataka 15,375. Jumla inapita lita 64,000. Watu wameongezeka chini ya robo, maji yameongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Na haya ni maendeleo jamani, siyo ufujaji, hakuna anayetaka dada zake warudi kubeba ndoo kichwani ili takwimu zikae vizuri.

Kuna na hili la ukubwa wa kaya. Wastani wa kaya nchini ulikuwa karibu watu 4.7 mwaka 2012, 2022 ukashuka hadi 4.3. Inaonekana kitu kidogo, lakini maana yake ni kwamba watu wale wale wamegawanyika kwenye nyumba nyingi zaidi. Kila nyumba ina sinki lake na choo chake, sakafu inadekiwa, na kuna nguo chache za kufua ambazo zinamwagiwa maji karibu sawa na ya nguo nyingi. Watu wanane kwenye nyumba moja wanatumia maji kidogo kuliko wale wanane wakigawanyika nyumba mbili.

Sasa tuje kwenye kambi ya pili, wale wanaosema tatizo siyo watu. Hapa wana hoja nzito. Maji yanayotoka mtamboni na yale yanayolipiwa hayalingani. Kiwango kinachokubalika cha maji yanayopotea, ambacho EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inakitumia, ni asilimia 20, lakini kwa miaka mingi wastani wa mamlaka zetu umekuwa ukizunguka kwenye theluthi moja au zaidi. Tufanye mfano tu. Watu milioni 6, kila mmoja afikiwe na lita 80, hiyo ni lita milioni 480 kwa siku. Kama upotevu ni asilimia 35, mtambo lazima utoe kama milioni 738 ili 480 zifike. Kama upotevu ni asilimia 20, unahitaji milioni 600. Tofauti ni milioni 138 kila siku. Mradi wa visima vya Kigamboni uliozinduliwa Novemba 2022 ulitajwa kuwa wa lita milioni 70. Yaani kwenye mfano huu kuziba matundu kunalingana na kujenga miradi miwili ya aina hiyo bila kuchimba hata kisima kimoja.

Ila tusijidanganye napo. Hayo yanayoitwa yamepotea yapo ya aina mbili. Kuna yanayovuja ardhini kwenye mabomba chakavu, au bomba limekatwa na greda la barabara, hayo yamekwenda kweli. Na kuna yanayotumika bila kulipiwa, kwa kuunganishiwa na kishoka usiku au kwa mita iliyokufa. Haya ya pili hayajapotea, kuna mtu anayaoga. Ukimkamata huyo mtu na ukamwekea mita hataacha kuoga, pengine atapunguza tu kuosha bodaboda yake. Mapato yatapanda lakini maji yatakayookoka ni kidogo kuliko vichwa vya habari vinavyoahidi. Na ongezeko la watu linauchochea upotevu wenyewe: mtaa unajengeka haraka kuliko ramani, watu wanajivutia vibomba vya plastiki juu juu ya ardhi, vinakanyagwa na malori, vinapasuka, fundi anafunga mpira wa tairi, kesho vinapasuka tena.

Mgao nao unajiongezea mahitaji. Bomba likitoka saa 24 unachota unachohitaji. Likitoka siku mbili kwa wiki unajaza simtanki, mapipa, majaba, ndoo na hadi masufuria, yakirudi tena unamwaga ya zamani ufungie mapya. Wote wanafungua bomba kwa wakati mmoja, wengine wanawasha pampu kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, presha inaanguka, wa mwisho hapati. Na ile hoja ya kwamba mita inasoma upepo siyo ushirikina, maji yakirudi kwenye bomba lililokuwa tupu yanasukuma hewa iliyomo mbele yake, na hewa inaweza kuizungusha mita.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mtambo wa milioni 270 unatoa milioni 270 kila siku. Hiyo ni siku mto una maji. Oktoba 2022 mgao ulitangazwa Dar baada ya Ruvu kupungua, na uzalishaji ukasemwa umeshuka kutoka lita milioni 460 na ushee hadi karibu 300 kwa siku. Mitambo ilikuwa mizima, kilichokosekana ni cha kuingiza ndani yake. Bahati mbaya zaidi ni kwamba miezi ya joto na ukame ndo miezi ambayo watu wanatumia maji mengi, kwa hiyo mahitaji yanapanda pale pale mto unaposhuka. Na huko juu ya mto pia watu wameongezeka, kuna wakulima wa umwagiliaji, kuna mifugo, kuna miji ya Morogoro inayokua, na mwaka ule viongozi walilalamika sana juu ya wanaochepusha maji kabla hayajafika mitamboni. Sisi wa Dar tunapenda kuwaona hao kama wezi, lakini mchicha na nyanya tunazokula zinatoka wapi?

Hapo ndo linapoingia bwawa la Kidunda, Morogoro, ambalo limezungumzwa kwa miongo kabla ujenzi haujaanza. Watu wengi wanadhani bwawa linaongeza maji. Haliongezi. Linahamisha maji ya masika kuyapeleka kiangazi. Linatajwa kuwa na uwezo wa lita bilioni 190. Kwa mitambo inayohitaji lita milioni 500 kwa siku, hizo ni siku 380 kwenye karatasi, ila toa yanayokauka kwa jua na yanayochukuliwa njiani. Bado ni akiba kubwa, maana halitakiwi kubeba mwaka mzima, linatakiwa kuubeba mto miezi ile mibaya tu. Lakini elewa mpaka wake: Kidunda litaondoa kushuka kwa kiangazi, halitaongeza uwezo wa mtambo wala unene wa bomba linalokuja kwako. Mtu wa kilimani ambaye hapati maji hata Aprili, Kidunda halijamgusa.

Hii inajibu pia lile swali la kila mwaka, "jana mvua imepiga Dar hadi Jangwani imefurika, mbona bombani hakuna?" Mvua ya Jangwani inakwenda baharini na Msimbazi. Inayotuhusu ni ya Uluguru. Na hata hiyo ikija kwa fujo inaleta tope jingi, usafishaji unakuwa mgumu, wakati mwingine uzalishaji unapunguzwa ukiwa umezungukwa na mafuriko.

"Basi tuchote bahari, ipo hapo Feri." Inawezekana, ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaoga maji hayo kila siku. Lakini kwa teknolojia ya kuchuja kwa presha inayotumika sana, kila yuniti moja ya maji inataka yuniti tatu hadi nne za umeme, na hapo hujajenga mtambo wala hujasukuma maji kwenda Kibaha. Nchi yenye gesi nyingi na watu wachache wenye kipato inalibeba hilo. Kwa mama wa madumu sita bili hiyo ingekuwa kichekesho. Kabla ya kufika huko kuna matundu ya kuziba.

"Tuchimbe visima kila nyumba." Hili tayari tunalifanya, hasa tangu ule ukame wa 1997, na limeokoa wengi. Shida ni kwamba kisima hakitengenezi maji, kinachota kwenye akiba ambayo jirani naye anachota, na karibu na pwani ukivuta maji baridi kupita kiasi maji ya chumvi yanajisogeza kujaza nafasi. Ndo maana kuna mitaa ambayo kisima kilianza kitamu na leo sabuni haitoi povu. Halafu kwenye mitaa iliyobanana, shimo la choo na kisima vinatenganishwa na hatua chache za mchanga. Serikali ilipotaka maji ya ardhini kwa ajili ya jiji haikuchimba katikati ya nyumba, ilikwenda Kimbiji, Kigamboni, na Mpera, Mkuranga, kuchimba mamia ya mita kwenda chini ambako mwamba wa maji ni mkubwa. Na hata kule, siku maji yalipokuwa yanazinduliwa viwanja vilikuwa vimeshapimwa na vinauzwa.